Injinia Aliyekata Masufuria ya Msiba

Mtu akimsifu Injinia mbele yangu, mimi huinuka nikaenda kuosha vyombo, hata kama si kwangu. Nimefanya hivyo Barking, nimefanya Walthamstow, na Idi moja nilifanya kwenye nyumba ya watu nisiowajua vizuri, mpaka mwenye nyumba akanifuata jikoni kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina kinyaa. Akadhani nina mimba, kwa umri wangu huu, akanichemshia tangawizi.

Kinyaa chenyewe ni cha mtu mmoja. Jina lake silitaji, na halina haja, maana ukisema Injinia hakuna Mtanzania wa mashariki ya London asiyejua unamsema nani. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wanaompenda. Mimi nasema niliyoyaona kwa miaka kumi na saba, na mengi niliyaona nimeshika mwiko. Mazuri yake nitayasema pia, kwa sababu anayo, na hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi. Ila mjue mapema nina nini naye. Mama yangu mzazi alipofariki hapa Barking, waliokuja kumzika walikula piza, na ni kwa sababu yake huyo.

Kazi yake ilikuwa roketi. Sitanii. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja nje ya mji, na alichokuwa akishughulika nacho ni koo la injini, ile sehemu nyembamba ambayo moto wote hupita kabla ya kutokea nyuma. Habari za koo hilo sote tulizijua kwa moyo. Moto unaopita pale unayeyusha chuma, kwa hiyo koo hutengenezwa kwa shaba, kwa kuwa shaba hupokea joto ikalipitisha haraka kabla halijaiunguza. "Shaba ndiyo inayoujua moto," alikuwa akisema, na akisema hivyo hufumba macho kidogo, mtu mzima, kama anaonja kitu.

Jumamosi ungemkuta Edgware Road, kwenye mkahawa mmoja wa Waarabu, amekaa na wageni kutoka Muskati, wazee wanaosema Kiswahili safi kuliko watoto wetu wa hapa. Siku moja mimi na Mama tulipita hapo tukitafuta iliki, akatuita tukae. Mzee mmoja wa Kimuskati akamuuliza, "Na hizo roketi zako zinakwenda wapi?"

"Juu," akajibu Injinia.

"Zote?"

Injinia akakoroga chai yake. "Mimi nilishika koo tu, Sheikh. Zinakoangukia si idara yangu."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, na Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Nimelikumbuka jibu lile mara nyingi baadaye, nikajilaumu kwa kicheko changu.

Alikuwa mtu wa kupima. Mfukoni mwa shati alibeba rula fupi ya chuma, na hakukuwa na kitu asichokipima: unene wa chapati, upana wa mlango kabla sofa halijaletwa, keki ya harusi ya watu. Ukimuuliza habari yoyote, hata kama mvua itanyesha, atakwambia, "Hiyo bado haijapimwa." Kuna bibi mmoja alifiwa na mumewe, akamuuliza Injinia kwa uchungu, kama watu wanavyouliza, atakaaje sasa peke yake. Injinia akamjibu kwamba hilo bado halijapimwa. Yule bibi alilisimulia jibu hilo mwaka mzima akiliona la hekima. Mimi niliona ni upuuzi tangu siku ile.

Na alikuwa na uchafu wake. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za daktari, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, lakini kila alipotaka kujua kitu kina moto kiasi gani, alilamba kidole cha shahada akakigusa. Sikio la sufuria, pasi, injini ya gari, vyote alivigusa kwa kidole chenye mate. Kikiwa cha moto sana alikitemea, akasikiliza mate yanavyochachatika, akakwambia kipo kwenye nyuzijoto ngapi. Mimi alinitemea kwenye kikaango changu, mafuta yanasubiri sambusa. Nikamwaga mafuta, nikaosha kikaango, naye amesimama pembeni ananieleza kwa upole kwamba kwenye moto ule hakuna kijidudu kinachosalia. Alikuwa sahihi kisayansi, bila shaka. Sikula kitu siku ile.

Sasa nije kwenye mazuri, nisije nikaambiwa nina chuki.

Wanaoishi huku wanajua msiba wa London ulivyo. Nyumba ni ndogo, jirani Mzungu ana subira yake na ikiisha anapiga simu, mvua haiishi, na watu mia mbili wanakuja kutoka kila pembe, wengine wamepanda treni tatu, na lazima wale chakula cha moto. Usipowalisha, umemdhalilisha maiti wako. Kabla ya Injinia tulikuwa tunapika kidogo kidogo kwenye majiko ya ndani, nyumba nne tofauti, wali mwingine mbichi, mwingine umeungua. Yeye ndiye aliyetengeneza jiko. Alilichomelea mwenyewe kwenye gereji yake kule Walthamstow, jiko la gesi lenye midomo miwili, likinguruma chini ya sufuria la kilo thelathini bila moshi hata kidogo. Alilileta kila penye msiba na kila penye harusi, na halikuzimika hata kwa upepo wa Februari. Nimemwona kwa macho yangu amesimama kwenye bustani ya nyuma, mvua inamnyeshea kichwani, mwavuli ameushikilia juu ya sufuria. Nani kama yeye? Hakuna, na nasema bado hakuna.

Na ni yeye aliyeniletea Mama. Mimi ni mtu wa kutunza wazee majumbani mwao, kazi yangu naijua, lakini barua za uhamiaji zinanitoa jasho. Injinia aliandika zile barua, akanisindikiza ofisini mara tatu, akakaa na yule ofisa akimweleza taratibu kama anamfundisha hesabu, mpaka Mama akapewa ruhusa. Mama alipofika kutoka Tanga, hakuja na sanduku kubwa kama watu. Alikuja na sufuria.

Lilikuwa la shaba, limetiwa bati kwa ndani, kiasi mtoto wa miaka mitano angekaa humo akajikunja. Mama yake ndiye aliyempa, na huyo naye sijui alilitoa wapi. Kwenye kitako lilikuwa na alama iliyogongwa kwa msumari, nukta tatu na mkia, kwa sababu penye shughuli masufuria huchanganyika na kila mwanamke lazima alijue lake. Uwanja wa ndege walilifungua wakakuta ndani yake vitenge, dagaa na mfuniko. Nilimwambia Mama kwamba London sufuria zipo. Akaniambia hizo za kuchemshia yai ameziona kwenye televisheni.

Mama akampenda Injinia mara moja. "Huyu kijana anaujua moto," alisema, na kijana mwenyewe alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Kila shughuli walikaa pamoja pale nyuma, yeye kwenye gesi, Mama kwenye mwiko, na wali ukishakauka Mama huweka makaa juu ya mfuniko apalie, na Injinia akapima makaa kwa rula. Alipoliona sufuria lile mara ya kwanza alilizunguka mara mbili. Kisha akalamba kidole akaligusa, nalo lilikuwa la baridi, halijawekwa jikoni. Mimi nilidhani ni mazoea yake tu.

Chama chetu cha Watanzania kilikuwa na masufuria mengine matatu makubwa, nayo hayakuwa na pa kukaa. Fleti zetu mnazijua. Injinia alikuwa na gereji, alikuwa na elimu, alikuwa mzee wetu. Mwenyekiti akasema masufuria yakae kwa Injinia, sote tukasema ndiyo, na Mama akalitoa la kwake kwa mkono wake mwenyewe. Hatukuandikishana. Utamwambiaje mtu aliyekuandikia barua za mama yako kwamba naye akuandikie barua ya sufuria?

Usanii ulimwanza baada ya kustaafu. Mkewe alikuwa amerudi Morogoro kusalimia, na kule kusalimia kukawa ndiko kuhama. Injinia akabaki na gereji. Mwanzo alikuwa anakunja vijiko. Alivichomelea vijiko mia vikawa kitu mithili ya nungunungu, akatualika kukitazama, tukaenda na sambusa, tukasimama tunatazama nungunungu. Mwanaidi, ambaye ni shoga yangu na ndiye mkuu wetu wa jikoni kwenye shughuli zote, akauliza kwa adabu, "Sasa hiki, Mzee, kinatumikaje?" Injinia akasema hakitumiki, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Tukala sambusa zetu tukarudi.

Lakini Wazungu wakamwona. Habari ya mtu wa roketi, Mwafrika, ambaye sasa anakunja vijiko Walthamstow, iliwapendeza. Akahojiwa, akapigwa picha amevaa aproni. Akaanza kusema maneno ambayo hakuwa nayo zamani. Yule aliyekuwa anasema bado haijapimwa, sasa akawa anasema kumbukumbu, uhamaji, jeraha. Siku moja alimwambia binti yangu Rehema kwamba maisha yake yote alikuwa akitengeneza vitu vya kuondoka, na sasa anatengeneza vya kubaki. Rehema akaja kunisimulia kwa Kiingereza, macho yanamng'aa. Nilimwambia anisaidie kukunja nguo.

Mama akaugua. Ilianza na miguu kuvimba, ikaishia kitandani, hospitali, miezi minane. Na hapa lazima niwaeleze mila yetu moja, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Mgonjwa akiwa kitandani, masufuria makubwa hayaulizwi. Hayahesabiwi, hayasafishwi, hayatajwi. Ukimwuliza mtu masufuria ya msiba yako wapi wakati mama yako bado anapumua, ni kama umeshamchimbia. Mwanaidi anajua hivyo, mwenyekiti anajua hivyo, mimi najua. Msiba mwingine haukutokea, na harusi za miezi ile zilifanyiwa ukumbini na wapishi wa kukodi. Kwa hiyo kwa miezi minane hakuna hata mtu mmoja aliyebisha mlango wa gereji ile.

Na Injinia naye anajua mila hiyo. Ni mtu wetu, alikuwa nasi misiba mingapi.

Kila Ijumaa alikuja hospitali na zabibu. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akamshika Mama mkono, akamsomea habari za nyumbani kwenye simu yake. Wauguzi walidhani ni kaka yake. Mama, akili yake ikija na kuondoka, alikuwa na jambo moja la kumwuliza kila mara, kwa kuwa yeye mgonjwa alikuwa na ruhusa ambayo sisi hatukuwa nayo.

"Mwanangu, sufuria langu zima?"

"Liko salama, Mama," akamjibu.

Nilikuwepo. Nilimsikia si chini ya mara tatu. Na mara zote tatu lilikuwa limeshakatwa.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Jumatano ruhusa za mazishi zikapatikana, tukamzika Alhamisi baada ya adhuhuri. Mwanaidi alikuwa ameloweka mchele tangu alfajiri, nyama imeshakatwa, vitunguu beseni tatu vimemenywa, na wanaume wawili wakatumwa Walthamstow na gari kuchukua jiko na masufuria. Wakarudi na jiko. Masufuria, walisema, Injinia amesema ufunguo wa chumba cha ndani umepotea, anautafuta.

Tukangoja. Watu wakaanza kurudi kutoka makaburini, wamelowa, wanajaa sebuleni, ngazini, mpaka barabarani. Mwanaidi akapiga simu, haipokelewi. Akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono imejaa maji ya mchele, ananitazama. Mwisho mume wake akatoka na vijana wa msikitini wakaenda kwenye duka la kona, wakarudi na maboksi ya piza, mengine ya kuku wa kukaanga, yanarundikana kwenye korido mpaka kimo cha mtu.

Kuna bibi mmoja wa Kimvita, rafiki wa Mama, alitoka mbali kwa basi. Alipewa kipande cha piza kwenye sahani ya karatasi. Alikitazama, kisha akaomba kijiko. Akawa anakwangua ile jibini kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa heshima ya marehemu, asije akaonekana amekataa chakula cha msiba. Nilimwona, nikaingia chooni nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mama yangu aliwapikia watu wa London misiba kumi na tisa. Niliihesabu palepale chooni.

Injinia alikuja kwenye hitima jioni. Amevaa kanzu nyeupe, kucha safi. Alinishika mikono akasema Mama alikuwa mwalimu wake. Kisha akala vipande vitatu, vya uyoga. Nikamwuliza kama ufunguo umepatikana, akanipigapiga begani akaniambia, "Tulia kwanza, Mama Rehema. Mambo ya masufuria yatazungumzwa." Nilidhani anataka kunipunguzia mawazo, nikamshukuru. Nikikumbuka kwamba nilimshukuru, hata sasa mate yananijaa mdomoni.

Wiki tano baadaye ukaja mwaliko, kadi nzito, jumba la maonyesho katikati ya mji. Tukaenda watu wengi, tumevaa vizuri. Ndani ya ukumbi, peke yake, imesimama roketi. Inafika karibu na dari, nyekundu ya shaba chini, nyeupe ya alumini juu, imepigwa msasa mpaka unaiona sura yako. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli yangu, ilikuwa nzuri. Ukutani pameandikwa jina lake, "Mama Zetu", na chini maelezo kwamba imetengenezwa kwa vyombo vilivyotolewa na akina mama wa jamii ya msanii.

Mwanaidi ndiye aliyeanza kushika mdomo. Mimi nilizunguka kwa nyuma. Kwenye koo, pale moto unapotakiwa kupita, shaba ilikuwa imekunjwa na kuungwa kwa ustadi mkubwa, na pembeni, sentimita chache juu ya sakafu, nikaona nukta tatu na mkia.

Nilimfuata alipo, kati ya watu wenye glasi mkononi. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, hilo ni sufuria la mama yangu."

"Ndilo," akasema, uso mkavu. "Ndilo moyo wa kazi yote."

"Ulimwambia liko salama."

"Na si liko salama? Liangalie. Lina bima. Lina mlinzi." Akanisogelea, akashusha sauti, na wallahi alikuwa ananibembeleza. "Mama Rehema, lilikaa bure miezi minane. Ungelipikia siku moja, watu wangekula wali, wakashiba, wakasahau. Hapa watamwona mama yako watu ambao hawakumjua."

"Na msiba wake? Siku ile ulijua hakuna masufuria. Ungetuambia asubuhi tungekodi."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali geni. Kisha akasema, "Ningewaambia asubuhi, mngenizuia kufungua maonyesho."

Sikupiga kelele. Mwenyekiti alikuwa ameshanishika kiwiko, ananiambia nisiwaaibishe mbele za watu, mzee wetu amefika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika. Nikamuuliza kama naye hakula piza. Akasema piza ni chakula halali. Nikatoka, nikapanda treni mpaka Barking na viatu vya sherehe, na kwenye kiti cha mbele yangu mtu alikuwa anakula kuku wa boksi. Nikashuka kituo kisicho changu.

Baada ya hapo ndipo nilipowachukia na wenzangu kidogo. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Huyu Injinia alimwandikia barua, yule alimpatia mwanawe nafasi ya chuo, mwingine anasema wafu hawali. Rehema akaniambia, kwa Kiingereza chake cha Barking, kwamba anaamini bibi yake angeona fahari. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba bibi yake alikuwa akiuliza swali moja tu, na lilijibiwa uongo. Mwanaidi peke yake ndiye hakuniletea sababu. Alikuja na masufuria mawili mapya ya alumini aliyoyabeba kwa basi, akayaweka bafuni kwangu, mwezi uliofuata akaleta mengine mawili. Mpaka leo tunaoga tukiwa tumesimama upande.

Miaka ikapita. Injinia akatengeneza vitu vingine, vikaonyeshwa, kisha vikapungua kuonyeshwa. Misiba ikaendelea, na jiko lake tukawa tunalitumia, linakuja na gari bila yeye. Mimi sikuongea naye. Tukikutana sokoni Walthamstow nilivuka upande wa pili, na soko lile ni refu, kwa hiyo nilivuka mara nyingi.

Mwaka huu, siku moja baada ya adhuhuri, akapiga simu. Sauti imekuwa nyembamba. Alisema ana jambo, na kwamba hawezi kutoka. Nilikwenda. Nitajidai nilikwenda kwa sababu ya zile barua za Mama, na pengine ni kweli.

Mlango ulikuwa wazi. Mimi nawatunza wagonjwa kama yeye kila siku, kwa hiyo nilipomwona tu kwenye kiti chake nilijua imebaki miezi. Shati lina pasi, rula ipo mfukoni, shingo imekuwa ya kuku. Kwenye bustani ya nyuma, dirishani, niliiona roketi. Jumba lilikuwa limeirudisha. Imefunikwa turubai, turubai limechanika, shaba imeota ukijani.

"Mama Rehema," akasema. "Sina watu hapa. Nikifa, msiba wangu ni ninyi."

"Mungu atakupa umri, Mzee."

"Hapana, tusipotezeane muda. Nataka kukuuliza." Akatazama mikono yake. "Mtapikia nini?"

Alikuwa anaogopa. Kwa miaka yote sijawahi kumwona akiogopa, wala moto, wala maofisa, wala Mungu, naye sasa anaogopa maboksi ya piza. "Wasiniletee vile," akasema. "Tafadhali. Niliwaona watu siku ile. Yule bibi na kijiko chake. Nilimwona."

"Uliona, ukala vipande vitatu."

"Nilikula," akasema.

Kisha akainama kwa shida akatoa kitu chini ya kiti, kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekata kitako cha sufuria kwenye ile roketi, amekinyoosha, duara zima, pana, ukingo umesawazishwa. Nukta tatu na mkia katikati. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakigeuza. Na chini ya alama ya bibi yangu, kwa rangi nyeusi, kwa ule mwandiko wake mzuri wa michoro ya mashine, alikuwa ameweka sahihi yake. Na mwaka.

"Ni zawadi," akasema.

Nilikwenda jikoni kwake. Palinuka samaki wa kopo. Nikakuta nusu ya limau, chumvi, na waya wa kusugulia masufuria kwenye sinki. Nikakunja mikono ya sweta. Jikoni na pale alipokaa hapana mlango, kwa hiyo alikuwa ananiona.

"Unafanya nini?"

"Naosha sufuria."

"Hiyo ni sahihi yangu. Mama Rehema, hiyo ni kazi, unaiharibu."

Nikaendelea kusugua. Rangi ilikuwa nzuri, haikutoka upesi, ilibidi niongeze chumvi. Jina lake la kwanza likaenda, halafu la baba yake, mwaka ukawa wa mwisho. Ukijani nao ukatoka, shaba ikarudi nyekundu kama Mama alivyokuwa akiitoa siku ya mkesha wa shughuli. Nikakisuuza, nikakifuta kwa upindo wa sweta yangu maana taulo lake nilishaliona, nikarudi kusimama mbele yake.

"Masufuria ninayo manne, yako bafuni," nikamwambia. "Mwanaidi atapika, na mimi nitapika. Nilichokuwa sina ni mfuniko wa kuwekea makaa. Hiki kitafunika wali wako."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Kisha akainua mkono, akalamba kidole cha shahada, akakinyoosha kwenye shaba.

Nikakivuta kando.

"Usiguse, Mzee," nikamwambia. "Nimeshakiosha."